Kilo Hamsini na Mbili

Muuguzi alimpa Belmiro kipini cha chuma
chenye uso kama wa saa, akamwambia, "Bana."
Akabana.
Kishale kikaruka hadi hamsini na mbili.
Binti akatazama cheti: miaka sitini na tisa?
Akamwomba arudie. Alidhani mtambo una hitilafu.

Mtambo ulikuwa mzima.
Asichokijua yule binti wa Lisbon ni shoka.
Viangazi arobaini na vinne
mume wangu ameivua mialoni ya Coruche magome yake,
wala si kwa nguvu, wenye nguvu huijeruhi miti,
bali kwa kujua nguvu izuiliwe wapi.
Ukikaza, shoka huzama kwenye nyama ya mti.
Ukilegeza, gome halibanduki.

Mti ukishavuliwa huandikwa tarakimu nyeupe,
ya mwaka ule, na kwa miaka tisa
hakuna ruhusa ya kuugusa.
Belmiro nani alimwandika begani?

"Hongera, mzee, una mkono wa kijana."
Nikacheka kidogo.
Mkono huo wa kijana, asubuhi ileile,
ulishindwa kuokota sarafu mezani mkahawani;
aliisukuma, akaisukuma hadi ukingoni
ikadondokea kiganja cha pili.
Kufumba anajua. Kufumbua ndiko kunakomshinda.
Hata usingizini vidole vimejikunja,
vimeng'ang'ania mpini usiokuwepo,
nami huvikunjua kimoja kimoja
navyo hurudi.

"Nawe, mama?"
Nikasema mimi nimemsindikiza tu.
Lakini nikabana.
Miaka kumi na tisa kiwandani, kisu mkononi,
nikinyoosha kingo za magome yaliyochemshwa,
mvuke machoni, msimamizi mgongoni:
thelathini na nne.
Binti akajipima mwenyewe, ishirini na sita,
akakisukumia kipimo ndani ya droo.
Hakuna aliyewahi kuniuliza namba yangu.
Nilirudi nayo nyumbani kimyakimya
kama mtu aliyeokota noti njiani.

Jioni tulikuwa na maziko ya Ramiro,
mwenzake wa shoka, waliyekuwa wakiuzunguka
mti mmoja, huyu huku, yule kule.
Belmiro akaniita nimfunge shati.
Vifungo vidogo, vya lulu bandia.
Nikavifunga vyote isipokuwa cha shingoni;
hicho alitaka ajaribu mwenyewe.

Kengele ya kanisa ililia, ikaacha.
Nikakaa kitandani, mkoba mapajani,
nikasubiri.