Laini ya Mama

Kibanda changu cha M-Pesa kina upana wa mikono miwili,
Kariobangi Kusini, mgongo kwa mgongo na fundi wa kuchomelea.
Nina daftari. Nina kalamu iliyofungwa uzi isiibwe.
Ukutani, karatasi niliyoiandika mwenyewe kwa herufi kubwa:
CHINI YA MIAKA KUMI NA MINANE, TAFADHALI.
Tafadhali nini, sikumalizia. Nafasi iliisha.

Muuo alikuja mara ya kwanza akiwa na sare ya shule,
soksi moja imesimama, nyingine imelala kifundoni.
Hamsini, akasema. Weka kwa laini ya mama.
Nikaweka. Nani amekataza mtoto kutumwa?

Laini ina mwenyewe: Syombua Ngului,
mzaliwa wa Mwala, muuza nguo za watoto Gikomba,
ambaye akimwona mchezaji ameanguka kwenye runinga ya jirani
huguna, pole mwanangu, simama,
hata kama ni wa timu ya adui.

Sheria ikimtazama Syombua inaona miaka arobaini na sita,
kitambulisho halali, alama za vidole, kila kitu shwari.
Haioni kidole kinachobonyeza.
Katika vitabu vya kampuni mcheza kamari ni yeye:
yeye aliyetabiri sare Uholanzi,
yeye aliyechomwa na bao la dakika ya tisini na tatu,
akakopa, akalipa, akakopa tena
saa nane za usiku,
amelala, leso imemfunika uso
kwa sababu ya mbu.

Sare. Neno moja,
la shati la shule na la mechi isiyo na mshindi.
Sijui aliyeliweka hivyo alikuwa anawaza nini.

Barasa, dereva wa lori, hutoa pesa kwangu akirudi kutoka Malaba.
Ndiye aliyeniambia: kule ng'ambo, dada, ni ishirini na mitano.
Utingo wake ana ishirini na miwili.
Upande huu ni mwanamume, anasuka mkeka hakuna anayemuuliza;
akivuka mpaka anarudi kuwa mtoto,
anasimama nje ya mlango, mikono mfukoni,
huku Barasa na mvi zake akiingia.
Tulicheka mpaka fundi akazima moto wake aone kuna nini.
Usiku nikajiuliza: utoto ni kitu gani basi,
kama lori linaweza kukuvua na kukuvisha
kati ya foleni mbili za forodha?

Wala sisemi ishirini na mitano ndiyo dawa.
Mume wangu alikuwa na thelathini na tisa
alipoweka kodi ya nyumba juu ya mkeka.
Tulihama kabla ya alfajiri, godoro kichwani mwangu,
na yeye nyuma, amebeba redio,
akisikiliza matokeo.

Muuo ametimiza Julai. Alikuja Jumatano, bila sare,
na karatasi ya kusubiri kitambulisho,
wino haujatoka vidoleni, vyote kumi.
Shavu lake lina ndevu tatu, nimezihesabu.
Sasa naruhusiwa, akasema,
kwa sauti ya mtu anayesoma risiti.
Hamsini? nikauliza, kalamu mkononi.

Akatikisa kichwa.
Unaweza kumfungia mtu, asicheze tena?
Nani?
Mama.
Mfungie mama. Amezidi.
Akacheka. Kisha hakucheka.

Nikamwambia arudi naye, ni lazima mwenye laini awepo.
Hiyo ndiyo kanuni, na kanuni naijua.
Alipoondoka nikafungua daftari nyuma, nyuma zaidi,
hadi kurasa zilizolowa mvua ya mwaka ule:
hamsini, hamsini, ishirini, hamsini,
miaka minne ya hamsini,
na pembeni mwa kila moja sahihi yangu,
nadhifu, haijakosea mstari.

Mimi nina miaka thelathini na minne.
Mimi niliruhusiwa.