Pengo la Benchi

Miaka tisa hatukusemezana, mimi na Ndahani,
kisa mizabibu ya baba.
Jana, kibanda cha video, Hombolo,
lilibaki benchi moja. Tukaacha pengo katikati
la kumtosha mtu na mbuzi wake.

Picha ya Kikorea: ndugu wawili
wanagombea jokofu la marehemu mama.
Mfasiri, mkorofi yule, kawapa majina ya Kigogo.
Jokofu likawaponyoka mteremkoni,
likakimbia na kabichi zake hadi sokoni.

Nikacheka. Naye akacheka,
kicheko kilekile cha baba,
chenye kukoroma mwishoni.
Watu wakageuka.

Umeme ukakatika.
Gizani akakohoa:
"Ile mizabibu… mchwa walishaimaliza."

"Yote?"

"Zimebaki waya."

Tukakoroma tena, wote wawili,
kabla taa hazijarudi.