Kaimu

Saa nne usiku, Nkuhungu. Seva ya benki haijibu,
upepo unasukuma vumbi chini ya mlango,
nami leo sina haja na benki:
ninaandika jaribio.

Kwenye kiti cha lipaMkulima nimeketisha kaimu.
Mji huu unawajua makaimu,
hupiga muhuri usio wao,
husema faili lako linashughulikiwa.
Wangu nimemfundisha jambo moja:
akiitwa, arudishe ahadi iliyokwisha kutimia.
Nyemo Chiduo wa Hombolo, kreti arobaini za zabibu,
laki nane na nusu, imeingia.
Hakuna foleni. Hakuna njoo Jumatatu.
Milisekunde mbili, kijani.

Kijani upesi mno.
Nikamwambia kaimu, ivunje:
sema salio halitoshi, sema mtandao umekatika,
sema lolote wanalosemaga wenyewe.
Kijani.
Nikaandika kwamba Nyemo kalipwa sifuri.
Kijani.
Nikaandika kwamba Nyemo ni mbuzi.
Kijani!

Ndahani alicheka kwenye simu mpaka akakohoa.
"Ulisubiri?"
Nisubiri nini?
"Hiyo ahadi. Umeipokea, ukafunga ofisi, ukaenda zako.
Jaribio lako halikuona kosa
kwa sababu kosa lilipofika, lenyewe lilishaondoka."

Neno moja tu, mbele ya mstari: subiri.
Skrini ikawa nyekundu toka juu hadi chini
na mimi, sijui kwa nini, nikapumua.

Ahadi ni deni, tuliimbishwa darasani.
Hatukuambiwa kwamba deni
linataka mtu wa kukaa pale pale,
macho mlangoni, mpaka lije au likataliwe.

Mama aliuza Machi. Sasa ni Juni.
(Ndiyo, jina la kwenye jaribio ni lake;
lilikuwa la kwanza kunijia vidoleni.)
Kila Jumatatu hujifunga kitenge kile cha bluu,
hukaa kwenye benchi la ushirika,
huondoka wakifunga.
Hakuna kaimu wa kumkalia benchi.

Limebaki jaribio la tatu:
ahadi isiyotimia, isiyovunjika,
iliyopo tu.
Ndahani anasema weka kikomo,
sekunde tano zinatosha kwa chochote.

Nimeandika tano.
Nimefuta.
Nimeandika tano tena, maana mashine haiwezi zaidi.

Mama ameshapogoa mizabibu ya msimu ujao.