Mguu wa Kushoto

Mguu wa kushoto unatafuta klachi.
Haipo. Miaka miwili kwenye Benzi la marehemu baba
ulizoea kukanyaga; sasa umekaa tu
kama mgeni aliyeambiwa "subiri"
asiletewe kiti.

Naweka R.
Lori linalia tii, tii, tii,
na kabla sijagusa mafuta
linaanza kurudi lenyewe,
kana kwamba linaijua depo kunizidi.

Mteremko wa Kadutu, matope ya asubuhi.
Nimebeba kreti mia tatu.
Nyuma kuna ukuta, mfereji,
na mama wa lengalenga
anayesogeza beseni lake hatua moja,
moja tu, bila kunitazama.
Sijui kama ananiamini au ananidharau.

Murhula amepotea kwenye kioo.
Namsikia akipiga bodi kwa kiganja:
njoo, njoo, kata kushoto,
kushoto kwako, Nabintu!
Nami nakata kulia,
maana huku nyuma mikono yangu
imebadilishana majina.

Kisha kiganja kinanyamaza.

Nakanyaga breki. Chupa zote zinapiga kelele.
Nimeua mtu.

"Mbona umesimama?"
Anatokea dirishani, hindi la kuchoma mdomoni.
"Bado mita nne."

Mita nne.
Nalegeza breki unene wa kucha,
na tani zote zile zinashuka
juu ya kidole gumba changu.

Tairi linagusa jiwe. P.
Wapakuzi wameshapanda, hakuna aliyepiga makofi.
Nazima injini, na hapo ndipo unaanza kutetemeka
ule wa kushoto,
ambao haukufanya lolote.