Mkono wa Kukopa

Tangu vuli, kwenye ghala la Mwaloni,
nala kwa kulia, nacheza kwa kushoto.
Kocha Masalu alinipa video ya yule wa Kampala:
"Uwe yeye."
Nikawa. Nikaiba mzunguko wa kiwiko chake,
hata kikohozi chake kabla ya kuanzisha.

Ng'wasi alinichukia kila jioni.
Kipira kiliporukia nje, kwenye dagaa walioanikwa,
tulikifuata wote wawili, kimya,
kikarudi kinanuka ziwa.

Leo sina jezi. Nashika chupa ya maji.
Yule anakohoa;
Ng'wasi keshasogea, kipira hakijapaa.

Watu wanashangilia. Nashangilia.
Ila kila pointi anayopoteza yule
inanichoma mimi, kiganja cha kushoto.