Daraja Namba Tatu

Usiku huu wanaling'oa daraja namba tatu.
Ndege ya mwisho ya Maskati imeondoka saa tano kasorobo,
na manyunyu ya kharifu yanaishukia Salala
kama mtu achekechaye unga bila haraka.

Mhandisi kijana, mtu wa Suhar, ana orodha yake:
mota ya gurudumu la kushoto, imechoka;
nyaya, zimeliwa na chumvi;
mpira wa mdomoni, umechanika pande mbili.
Anatia alama, anafunua ukurasa.
Hakuandika popote kwamba daraja hili lilikuwa na tabia.

Lilikuwa likifika shubiri moja kabla ya mlango wa ndege
linasita,
kama mgeni asiyejua avue viatu au asivue.
Nikilibembeleza kwa kitufe cha kijani, haliji.
Nikishuka nikalipiga teke pale penye kutu,
linakuja.
Miaka kumi na sita.
Teke hilo halimo katika kitabu chochote cha mafunzo.

Juu, kwenye bawaba, upo waya wa kutundikia nguo
alioufunga Biju kwa siku mbili tu, hadi kipuri kifike.
Biju amesharudi kwao Kerala, ana wajukuu.
Mhandisi ameuona, amecheka, ameupiga picha.

Kwa lugha ya nyumbani daraja ni kivuko, na daraja ni cheo.
Humu ndani wenye tiketi za mbele na wenye tiketi za nyuma
walidondokewa na tone lile lile,
utosini.

Mama yangu, Bi Thuwaiba, alipita hapa
magoti yamekwisha kumgomea, yuko kwenye kiti cha magurudumu.
Pale penye pengo akanishika mkono:
"Ngoja. Nataka nione chini."
Chini palikuwa na lami, dimbwi la maji,
na kijana wa mizigo, kizibao cha manjano, anakula andazi.
Akatazama. Nyuma foleni ikakohoa.
"Siku tuliyoondoka Unguja," akasema,
"nilipanda ngazi ya ndege nimefumba macho,
nisije nikaanguka, nisije nikageuka.
Leo nimeona. Haya, nisukume."

Daraja jipya liko pale uwanjani, bado limevaa nailoni.
Lina vioo, lina kiyoyozi,
linajipima lenyewe kwa mwanga hadi linagusa ndege,
na pengo halipo.
Kipya kinyemi, sibishi.
Wenye fimbo hawatajikwaa, vichanga hawataloa.
Ni haki yao, nami nilitia saini barua ya kuliomba.

Saa nane kreni ikakaza minyororo.
Boliti zote zimetolewa, taa zote zimewashwa.
Likainuka kidogo, likasogea,
likasita.
Shubiri moja.

Mwenye kreni akapiga honi. Wakahesabu boliti upya.
Mhandisi akafunua orodha yake mbele, akafunua nyuma,
kisha akanitazama mimi.

Nikakabidhi mwavuli,
nikashuka,
nikaenda pale penye kutu.