Bomba Moja

Kila Alhamisi Despula huvuka kizuizi,
pasipoti mkononi, majedwali kwapani,
kwenda kwa Emete, ng'ambo ya mapipa yenye kutu.
Wanajumlisha: umeme, jibini,
machungwa yanayozunguka bahari
kufikia soko lililo hatua mia mbili.

Ukumbini wakimzomea, msaliti,
huwajibu: chini ya Nikosia
maji machafu ya pande zote
hupita bomba moja, miaka yote hii,
wala hakuna askari aliyewahi kuyadai kitambulisho.
Hapo hata wazomeaji hucheka.

Mama yake hacheki.
Hamwulizi faida ni asilimia ngapi.
Anamenya viazi, anauliza
nyumba ya Morfu, nani anafagia ua sasa?

Despula anafungua daftari.
Jedwali halina safu hiyo.